Mpaka Uguswe Bega

Vijana wa chumba cha kompyuta wamenitaka niandike. Wanasema mimi ndiye niliyebaki kati ya waliofundisha hesabu katika skuli yetu tangu zamani, na kwamba wanafunzi wao watacheka kidogo wakisikia tulivyokuwa tukihesabu. Nimekubali kwa sababu nimestaafu mwezi wa pili huu na kukaa kumenishinda. Asubuhi nafagia ua ulioshafagiliwa. Namimina chai, naiacha mezani, nakwenda dirishani, narudi, nakuta imepoa. Mjukuu wangu ameniuliza nimepoteza nini. Sijapoteza kitu, nimezoea kengele tu.

Vyeo na mishahara mtaniwia radhi nikiviruka. Havikuwa vingi, na sababu moja ya uchache wake mtaiona mbele. Nitaandika ile miaka ya mwanzo, kwa kuwa ndiyo inayonirudia nikiwa peke yangu.

Nilianza kazi mwaka uliofuata Mapinduzi. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mtoto wa seremala wa Kikwajuni, na nilikuwa sijawahi kumfundisha mtu kitu isipokuwa mdogo wangu kufunga kamba za viatu, naye alijifunza vibaya. Walimu wengi walikuwa wameondoka na waliobaki hawakutosha, basi sisi tuliomaliza masomo tukaitwa, tukapewa mafunzo ya wiki chache na sanduku la chaki. Skuli yenyewe ilikuwa nyumba ya ghorofa mbili ndani ya Mji Mkongwe, ya mfanyabiashara aliyehama. Ilikuwa na ua wa ndani wenye kisima, na mlango wa mbele ukihitaji watoto wawili kuusukuma. Darasa langu lilikuwa jiko la zamani. Ukuta wa nyuma ulikuwa na masizi, na aliyeuegemea alirudi kwao na mgongo mweusi.

Siku ya kwanza niliingia, watoto arubaini na kitu wakasimama kwa pamoja: "Shikamoo Mwalimu." Kwa woga nikaitika kimoyomoyo, nikageukia ubao nikaanza kuandika. Niliandika hesabu sita. Nilipogeuka, wote walikuwa bado wamesimama, hakuna aliyefungua daftari. Nikawauliza kwa nini hawaandiki. Mmoja akanijibu kwa upole kwamba sijawaitikia wala sijawaambia wakae. Ilikuwa imepita robo saa. Nikasema "Marahaba, kaeni," na mlio wa mabenchi ulisikika mpaka ghorofani.

Aliyeusikia akashuka. Huyu alikuwa Mwalimu Vuai, mtu wa Tumbatu, mzee kuliko sote pale, mwembamba, kofia yake ya viua haijapata kupinda. Yeye alifundisha hesabu madarasa ya juu. Hakunicheka mbele ya watoto, alinicheka barazani. Kisha akanialika nije kumtazama akifundisha, na somo nililolikuta siku ile sijaliona katika kitabu chochote.

Aliwatoa watoto uani, akasimama kando ya kisima, ndoo upande huu, kamba upande ule, akawaambia: mimi leo sijui kitu, niambieni nifanye nini nipate maji. Wakasema teka. Akasema sijui kuteka. Wakasema shika ndoo, akaishika. Wakasema itie kisimani. Mwalimu Vuai akaitia kisimani, bila kamba, ikenda zake mpaka chini. Watoto walinyamaza kwanza, maana ndoo ile ilikuwa ya skuli na hakukuwa na nyingine, halafu wakaangua kicheko. Akawauliza nani amekosa. Wote wakamnyooshea kidole yeye. Akawaambia kwamba amefanya aliloambiwa, neno kwa neno, na kamba hakuitaja mtu.

Alasiri nzima alikaa akiivua ndoo kwa kulabu, mimi nikimshikia taa ya mkono. Ndipo aliponiambia maneno niliyoishi nayo miaka arubaini: "Mtoto akikosa, Zaina, usimtazame yeye kwanza. Tazama ulivyomwambia." Nyinyi wa kompyuta nawaona mnavyoipiga makofi ikikataa kufanya mnalotaka. Kumbukeni ndoo.

Mwaka wa tatu au wa nne wa kazi yangu tulifungua stoo iliyokuwa chini ya ngazi, tukitafuta mahali pa kuweka vibao. Nyuma ya magunia tukakuta mashine ya kujumlishia. Ilikuwa ya chuma, nzito kama mtoto wa miaka mitatu, ina vitufe vya tarakimu na mkono wa kuvuta pembeni. Ulibonyeza tarakimu, ukavuta mkono, magurudumu yakazunguka ndani na jibu likatokea kwenye vidirisha. Kutu ilikuwa imeanza lakini Mwalimu Vuai aliitia mafuta ya nazi, ikaenda. Watoto wa darasa langu, ambao kwa kawaida hesabu waliikimbia, sasa walikuja kabla ya kengele.

Wengi walitaka kuvuta ule mkono tu. Mmoja alitaka jambo jingine. Aliitwa Kazija, kalelewa na bibi yake Chwaka, mjini akikaa kwa shangazi yake ili asome. Alikuwa mtoto wa maneno machache na kichwa kigumu, hakubali kitu mpaka akione kimekaaje. Alitazama vidirisha vikitoka tisa kwenda kumi, mara moja, mara mbili, mara kumi, kisha akauliza, "Hili gurudumu la pili limejuaje kama zamu yake imefika?"

Sikujua. Mwalimu Vuai akatafuta bisibisi. Tulipoifungua tulimwonyesha jino dogo lililokuwa pembeni mwa gurudumu la kwanza. Likizunguka mzunguko mzima, jino lile linaligusa gurudumu la jirani mara moja, nalo linasogea hatua moja. Mwalimu Vuai akamwambia gurudumu halijui lolote, linaguswa tu. Kazija aliliangalia lile jino muda mrefu. Nadhani ndiyo siku aliyoipenda hesabu, ingawa yeye asingelisema hivyo.

Mashine ikiwa bado imefunguliwa juu ya meza, akaingia mkaguzi. Jina lake halina haja. Alikuwa mtu nadhifu, mkali, anayetembea na kitabu kidogo cha kuandikia mfukoni. Akasema hiyo ni mali ya serikali, si kitu cha kuchezewa na watoto, na ofisini inahitajika. Ikachukuliwa siku hiyohiyo. Niseme haki: skrubu mbili tulikuwa tumeshazipoteza.

Baada ya hapo darasa halikutulia, nami sikutulia. Watoto waliniuliza kila siku mashine itarudi lini. Wakati huo ulikuwa umeingia mtaala wa hesabu mpya, na katika kitabu chake nilikuwa nimesoma kwamba huko Ulaya zipo mashine za umeme zinazohesabu kwa tarakimu mbili tu, sifuri na moja, taa imezimwa na taa imewaka. Niliisoma sura ile nikitembea chumbani, maana mimi nikikaa sielewi. Nikafikiria jino na gurudumu. Nikafikiria pia kwamba watoto hawawezi kuchukuliwa na gari la ofisi. Mashine tutakuwa wenyewe.

Nilipanga watoto watano mstari mmoja uani, wengine wamekaa kwenye ngazi wanatazama. Wa kulia kabisa thamani yake moja, anayefuata mbili, halafu nne, halafu nane, na wa kushoto kabisa kumi na sita. Aliyechutama ni sifuri, aliyesimama anahesabiwa thamani yake. Kanuni ilikuwa hii tu: ukiguswa bega nawe umechutama, simama, ukiguswa nawe umesimama, chutama, umguse jirani wa kushoto kwako. Mimi nilimgusa wa kulia kila mara tulipotaka kuongeza moja, na mstari uliobaki ukajiendesha. Mara ya kwanza uliharibika vibaya, kila mtu akisimama kwa sababu mwenziwe kasimama. Nikatazama nilivyowaambia, nikaongeza kanuni ya mwisho kwa sauti kubwa: "Usipoguswa bega usitikisike, hata nyumba iungue."

Kazija alikuwa kumi na sita. Nilimpa nafasi hiyo kwa makusudi, kwani mwenye kumi na sita anachutama mpaka ufike mguso wa kumi na sita na wengine hawakuiweza subira hiyo. Yeye aliiweza. Alichutama na macho yake yako mbele, anasikiliza makofi ya mabega yakimkaribia na kurudi, yakimkaribia na kurudi. Hesabu ikifika kumi na tano wote wanne wamesimama, mguso mmoja zaidi wote wanachutama mmoja baada ya mwingine, na Kazija anainuka peke yake. Wale wa kwenye ngazi walipiga vigelegele kila mara.

Tuliendelea hivyo miaka miwili, kila darasa na mstari wake, na tukafika hata kujumlisha kwa mistari miwili. Kazija alikuwa ameshafika mwaka wa mwisho, nami nimepanda na darasa lake, karibu na mtihani wa kuendelea na masomo, na bado akija uani wakati wa mapumziko kukaa mahali pake. Siku moja tulikuwa tumefika kumi na moja. Wa moja kasimama, wa mbili kasimama, wa nne kachutama, wa nane kasimama, Kazija kachutama. Mlango wa mbele ukalia. Akaingia mkaguzi yuleyule, na Mwalimu Mkuu nyuma yake.

Watoto wetu wamelelewa. Mtu mzima akiingia, mtoto husimama, hangoji kuambiwa, mwili wenyewe unainuka. Ngazi nzima ikasimama. Yule wa nne akasimama. "Shikamoo" ikajaa uani. Ukisoma mstari wangu sasa ulisema kumi na tano, na hesabu yetu ilikuwa kumi na moja. Katika skuli nzima mtu mmoja tu alikuwa bado na hesabu sahihi, naye amechutama mbele ya mkaguzi, macho mbele.

"Huyu hana miguu?" aliuliza mkaguzi.

"Sijaguswa, bwana," alisema Kazija.

Sikuisema kanuni. Nilifungua kinywa na kilichotoka ni, "Kazija, simama." Akageuka kunitazama, na hakunitazama usoni, alinitazama mkono. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake. Hatua tatu, bega moja, basi. Mkono ule ulibaki ubavuni mwangu kama si wangu. Mkaguzi akamshika mkono akamnyanyua, akatoa kitabu chake, akaandika jina. Kabla hajaondoka aliamuru asionekane skuli mpaka mzazi wake alete barua ya kuomba radhi kwa dharau.

Niliogopa, hiyo ndiyo kweli. Miaka ile watu walipima neno kabla ya kulitoa, lakini nisiisingizie miaka. Mwalimu mwengine angesema. Mkaguzi alipoondoka nilimfuata Mwalimu Vuai, nikaanza kumweleza jinsi mkaguzi alivyo mkali, na jinsi Kazija naye alivyo mkaidi. Aliniacha nimalize. "Leo mtoto hakukosa," akasema. "Sasa utamtazama nani?" Akarudi darasani kwake.

Siku zikapita na barua haikuja. Shangazi yake alisema mtoto karudishwa Chwaka kwa bibi yake, na bibi kakataa kuandika. Mtihani ulikuwa umebaki mwezi na siku. Mimi nilifundisha vibaya sana wakati huo, nikivunja chaki, nikisahau nilipofika, nikisikia mlango wa mbele kila ulipolia. Nilijiambia kwamba yatapoa. Hayakupoa. Ijumaa moja baada ya sala nikapanda gari la shamba, miguu yangu juu ya gunia la muhogo la mtu, nikaenda Chwaka.

Bi Mize, bibi yake Kazija, nilimkuta ukumbini anasuka ukili wa mkeka, na Kazija pembeni yake anasuka wake. Kazija aliniamkia kama inavyotakiwa, akarudi kwenye miyaa yake ya kusukia. Nilikaribishwa mkekani, nikapewa dafu. Sikujua pa kuanzia, nikauliza habari za mvua. Bi Mize aliniondolea taabu.

"Mjukuu wangu kanambia hakuguswa," alisema. "Nkamwuliza, mtu mzima akiingia wewe hungoja kuguswa? Akanambia, Mwalimu kasema hata nyumba iungue. Kweli ulisema, mwanangu?"

"Nilisema, Bi Mize."

"Basi mbona siku ile hukusema?"

Vidole vyake viliendelea kusuka. Vya Kazija vilikuwa vimesimama. Nilitafuta jibu la kumpa mwanamke yule, nikakuta kila nililo nalo ni aibu, nikamwambia hivyo, kwamba niliogopa na nnaona haya. Hakunipa pole. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

"Mimi kuomba radhi si tabu," alisema. "Nshaomba radhi mara nyingi kwa mambo yasiyo yangu. Lakini huyu nkimwombea radhi kwa kutii, kesho nimfunze nini? Barua ipo. Mwenye kuiandika si mimi."

Njia nzima ya kurudi mjini nilikuwa nikiiandika kichwani. Jumatatu asubuhi nilikuwa mbele ya meza ya mkaguzi. Ile mashine yetu ilikuwa juu ya kabati nyuma yake, imefunikwa kitambaa, haijatumika kwa namna nilivyoiona. Nilimwambia kwamba mtoto hakudharau, na kwamba alikuwa akifuata agizo langu.

"Wewe ndiye uliyemwambia asisimame?"

"Ndiyo, bwana. Nilimwambia asitikisike hata nyumba iungue."

Alinitazama sana. "Na moto nikawa mimi," akasema.

Akanisukumia karatasi. Niliandika kwamba kosa ni langu mwanzo hadi mwisho, kwanza kwa agizo, pili kwa kunyamaza, nikatia saini. Alisoma polepole. Akasema mtoto arudi, na mchezo ule usirudi. Nilikuwa nimeshafika mlangoni aliponiuliza hesabu ilikuwa ngapi alipoingia. Nikamwambia ilikuwa kumi na moja, na yeye alipoingia ikawa kumi na tano. Hakucheka, ila aliikunja ile barua kwa utaratibu, pembe juu ya pembe. Barua yenyewe ilinifuata kila nilikokwenda. Mwaka uliofuata ilinipeleka Jambiani, nikafundisha huko kwa furaha kubwa, na kila nilipotajwa kwa cheo ilitangulia kufika mezani. Sijawahi kuijutia. Nimejutia zile hatua tatu.

Kazija aliufanya mtihani akaendelea mbele; hayo yamo katika madaftari ya skuli, na nyinyi mnaweza kuyatafuta. Ninalotaka kuliandika mimi ni ile asubuhi aliyorudi, maana hilo halikuandikwa popote. Mtanisamehe, hapa nimesimama mara mbili nikazunguka chumba.

Niliingia darasani kengele ikiwa bado inalia. Darasa lote likasimama. "Shikamoo Mwalimu." Benchi la tatu, upande wa dirisha, Kazija alikuwa amekaa. Mikono juu ya meza, macho mbele. Wenzake waliokuwa karibu naye walianza kutazamana, na mmoja akamvuta nguo kwa siri. Hakutikisika.

Nilifikiri kwanza ni hasira, na ningemstahamilia hasira. Kisha nikaona anatazama mkono wangu, kama siku ile. Niliweka chaki mezani. Nilipita kati ya mabenchi, na safari hii ilikuwa zaidi ya hatua tatu, darasa zima limesimama kimya na hakuna aliyejua ninaenda kufanya nini isipokuwa yeye. Nikamgusa bega.

Akasimama.

"Shikamoo Mwalimu," alisema.

"Marahaba, Kazija," niliitika. Nikawaambia wakae, wakakaa wote pamoja naye, nikarudi ubaoni nikaandika tarehe.